Kiraka na sindano vyaweza kuutuliza moyo wenye majonzi

Mama mmoja muuza mitumba katika soko la Gikomba, jijini Nairobi, alikuwa akija kwenye kliniki yangu karibu kila mwezi. Mara kichwa, mara kifua, mara tumbo. Alisema usiku hapati usingizi, na alfajiri anapofunga mzigo kwenda sokoni mikono humtetemeka na moyo humwenda mbio kana kwamba amekimbizwa. Nilimpima damu, mkojo na sukari. Nilimpiga picha ya kifua na kumpima moyo kwa mashine. Kila kitu kilikuwa sawa. Nikampa dawa za maumivu, kisha za vidonda vya tumbo, kisha za usingizi za majuma mawili. Bado akawa anarudi.

Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba ilinichukua miezi minane kumuuliza swali ambalo ningelimuuliza siku ya kwanza: "Mama, nyumbani kumetokea nini?"

Alinyamaza kwa muda. Halafu akaniambia kwamba mwanawe kifungua mimba, kijana wa miaka 21 aliyekuwa akiendesha bodaboda, aligongwa na lori akafariki mwaka uliotangulia. Walimzika Jumamosi. Jumatatu alikuwa sokoni, kwa sababu kodi ya nyumba haingoji. Nguo za kijana alizitia katika gunia la mitumba, akalifunga kwa kamba na kulisukuma chini ya kitanda.

"Daktari," akasema, "mimi hufungua marobota ya nguo za watu nisiowajua kila siku ya Mungu. Lakini gunia hilo sijaweza kulifungua."

Makala ya leo yanahusu gunia hilo. Yanahusu pia magunia, masanduku na mifuko mingine iliyo chini ya vitanda na juu ya kabati katika nyumba nyingi za miji yetu. Nataka kukueleza jinsi vitambaa vikuukuu na vitu vidogo vidogo vilivyoachwa au kuokotwa vinavyoweza kutumiwa kutengeneza kitu cha kumsaidia mtu mwenye majonzi. Tena huhitaji kuwa fundi wala msanii.

Majonzi hukaa mwilini

Watu wengi hudhani huzuni ni jambo la moyo peke yake. Sivyo. Mtu anapofiwa, anapoachwa, anapopoteza kazi au anapoambiwa ana ugonjwa mkubwa, ubongo huuchukulia mwili kama ulio hatarini. Tezi zilizo juu ya figo humwaga kwa wingi homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga haraka, misuli ya shingo na mabega hukaza, tumbo huchafuka na usingizi hukimbia. Hali hiyo ikidumu siku chache haina madhara makubwa. Ikidumu miezi, mwili huchoka, na mgonjwa huja kwetu akilalamikia kichwa au kifua. Hadanganyi. Maumivu yake ni ya kweli ingawa mashine haiyaoni.

Hata hivyo, kufiwa si ugonjwa. Wengi wetu hulia, hukosa hamu ya chakula, hukaa na jamaa na majirani, na polepole hurudia maisha ya kawaida ijapokuwa hawasahau. Lakini kuna wachache ambao majonzi huwaganda. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, hali hiyo imetajwa rasmi kuwa ni maradhi. Ni majonzi makali yanayoendelea kwa zaidi ya miezi 6, kupita kiasi kinachotarajiwa katika mila na dini ya mtu mwenyewe, na yanayomzuia kufanya kazi au kuishi na wenzake.

Kati ya makundi hayo mawili wamo wengi wasio wagonjwa na wasio wazima pia. Hao ndio hasa ninaowaandikia leo.

Si jambo geni

Mnamo 1938 mchoraji mmoja Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa ugonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Midhurst, kusini mwa Uingereza. Wakati huo hapakuwa na dawa za kuua viini vya ugonjwa huo. Mgonjwa alilala kitandani kwa miezi akingoja kupona au kufa. Hill alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake. Alipoona kwamba vinampa nafuu ya moyo, akaanza kuwafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo askari waliojeruhiwa vitani. Mwaka 1942 aliita kazi hiyo tiba ya sanaa, na jina hilo linatumika hadi leo.

Nchini Chile, mwimbaji mashuhuri Violeta Parra aliugua ugonjwa wa ini mwishoni mwa miaka ya 1950 akaamriwa na daktari kukaa kitandani. Kwa kuwa hakuzoea kukaa bure, alichukua kitambaa cha gunia na nyuzi za sufi akaanza kutarizi. Mwaka 1964 kazi zake zilionyeshwa Paris, katika makumbusho yaliyomo kwenye kasri la Louvre.

Baada ya majeshi kupindua serikali ya Chile mnamo Septemba 1973, maelfu ya watu walikamatwa na wengine hawakuonekana tena. Mama zao na wake zao walikutana, wengi wao chini ya ulinzi wa kanisa, wakashona picha juu ya vitambaa vya magunia. Walitumia vipande vya nguo kuukuu, na wakati mwingine nguo za hao waliopotea. Walishona milango ya jela, meza zenye kiti kisicho na mtu, na akina mama waliobeba picha za wana wao. Walipata fedha kidogo za chakula, na walipata pia mahali pa kulia pamoja.

Marekani nako, ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa ukiua vijana wengi na jamaa wengine wakiona haya hata kuwazika, marafiki wa marehemu walianza kushona blanketi moja kubwa la ukumbusho. Kila marehemu alipewa kipande cha futi 3 kwa futi 6, takriban ukubwa wa kaburi. Juu yake walishona mashati, kofia, funguo, barua na vikaragosi vya watoto. Blanketi hilo lilipotandazwa Washington tarehe 11 Oktoba 1987 lilikuwa na vipande 1,920. Leo vipo takriban 50,000.

Hata hapa jirani, nchini Uganda, akina mama wanaoishi na virusi vya Ukimwi waliounda chama chao cha NACWOLA mwaka 1992 walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu kwa ajili ya watoto wao. Wakati huo dawa za kupunguza makali hazikuwafikia wengi, na mama alijua huenda asimwone mwanawe akikua. Alibandika picha, akaandika majina ya babu na nyanya, akaeleza mtoto alizaliwa wapi na alipenda nini. Kwingineko Afrika yalitengenezwa masanduku ya kumbukumbu, yenye kitambaa cha mama, shanga zake au kijiko chake cha kupikia. Wengi waliodhani watakufa walikuja kupata dawa wakaishi, na wakawapa watoto wao vitabu hivyo kwa mikono yao wenyewe.

Na sisi je? Bibi zetu walisuka viondo wakiwa wamekaa kimya baada ya msiba. Mama zetu walifuma vitambaa vya makochi hata wakati ambao hapakuwa na kochi jipya la kufunika. Kule Lamu wako wanaume wanaotarizi kofia kwa sindano na uzi, kofia moja ikichukua majuma au miezi. Hakuna aliyeiita tiba. Lakini muulize mama yeyote anayefuma, atakwambia, "Nikifuma, mawazo hutulia."

Inasaidiaje?

Kwanza, mkono unaporudia jambo moja polepole, kama kupitisha sindano juu na chini, pumzi hutulia pia. Akili hupata kitu kimoja cha kushika badala ya kuzunguka kwenye swali lile lile: kwa nini, kwa nini, kwa nini.

Pili, aliyefiwa huhisi kwamba hana uwezo juu ya lolote. Kifo hakikumwomba ruhusa. Anapochagua kitambaa hiki akaacha kile, akaweka kifungo hapa na si pale, anaamua jambo kwa mara ya kwanza tangu msiba. Ni jambo dogo, lakini ni lake.

Tatu, yapo mambo yasiyosemeka. Mama anaweza kushindwa kutamka jina la mwanawe, lakini akaweza kushona shati lake. Na watu wanaposhona pamoja macho yao huwa chini, hakuna anayemkazia mwenzake macho. Maneno hutoka kwa urahisi zaidi kuliko mbele ya daktari aliyevaa koti jeupe na kutazama saa.

Utafiti je, unasemaje? Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu kimoja huko Philadelphia, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 39 waliopewa dakika 45 za kutengeneza chochote walichotaka kwa kalamu, udongo wa mfinyanzi au vipande vya kubandika. Mate yao yalipimwa kabla na baada. Takriban robo tatu yao walikuwa na kotisoli iliyopungua, na haikujalisha kama mtu alikuwa na ujuzi wa sanaa au la. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti iliyopitia zaidi ya tafiti 3,000 kuhusu sanaa na afya, ikaona kwamba sanaa ina nafasi katika kuzuia maradhi na kuwasaidia wagonjwa.

Lakini lazima nikuambie ukweli wote. Watu 39 ni wachache, na hawakulinganishwa na kundi lingine lililopewa kazi tofauti. Nyingi za tafiti hizi ni ndogo. Kwa hivyo asikudanganye mtu kwamba kushona huponya ugonjwa wa akili, saratani au shinikizo la damu. Hakuponyi.

Mimi hushona vidonda vya watu karibu kila juma. Uzi ninaotumia hauponyi kidonda. Kazi yake ni kuzishika kingo mbili pamoja ili nyama ijiponye yenyewe kwa wakati wake. Nadhani ndivyo ilivyo na uzi huu mwingine.

Yule mama alivyofanya

Sikumwambia yule mama akafungue gunia usiku ule. Nilimwambia asilifungue akiwa peke yake, na asilifungue siku ambayo kesho yake ana kazi nyingi. Nikamtuma kwa mshauri nasaha wa hospitali ya karibu, kisha nikamweleza habari za akina mama wa Chile.

Alilifungua Jumapili moja baada ya ibada, dada yake akiwa kando. Aliniambia baadaye kwamba harufu ya nguo ndiyo iliyomwangusha. Walilia hadi chai ikapoa. Siku hiyo hawakukata chochote. Walizikunja nguo upya, wakazirudisha.

Kisha kukazuka tatizo. Baba mdogo wa marehemu alipata habari akaja juu. Alisema nguo za maiti hazichezewi. Ama zigawiwe jamaa kama ilivyo desturi, ama zichomwe. Mama akarudi kwangu akiwa amevunjika moyo kuliko mwanzo. Sikuwa na jibu la daktari, kwa sababu hilo halikuwa swali la daktari. Nilimwambia asifanye kwa siri, kwa kuwa kitu kilichotengenezwa kwa siri hakingempa raha. Awaite wazee waongee.

Waliongea. Walikubaliana kwamba nguo nzuri zipewe wajomba na binamu, na mama abaki na vitu vitatu: shati la shule, jezi ya kandanda iliyopasuka begani, na lile jaketi lenye mistari ya kung'aa alilovaa akiendesha pikipiki. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyeleta ufunguo wa pikipiki. Alikuwa ameuweka mfukoni tangu siku ya ajali, bila kumwambia mtu.

Kwa Jumapili nne mama huyo na dada yake walishona. Walitandaza kipande cha gunia lile lile, wakashonea juu yake mfuko wa shati, nambari ya jezi, na mstari wa kung'aa kama barabara. Mwisho wa barabara wakafunga ufunguo kwa uzi mwekundu. Mishono haikunyooka. Pembe moja waliiacha wazi, na nilipomuuliza kwa nini, mama akasema, "Hapo ni pa mtoto ambaye angezaa."

Kwa sasa kitambaa hicho kimetundikwa chumbani mwake. Usiku taa za gari zikipita dirishani mstari ule humeta, naye husema humwamkia mwanawe. Bado hulia, hasa Desemba. Lakini hulala saa tano au sita, dawa za usingizi hatumii tena, na kliniki haji ila kupimwa presha. Siwezi kuapa kwamba ni kitambaa kilichomsaidia. Alikuwa pia akienda kwa mshauri nasaha, na alijiunga na akina mama wengine waliofiwa kanisani mwake. Ninachojua ni kwamba gunia halipo tena chini ya kitanda.

Jinsi ya kuanza nyumbani

Huhitaji fedha. Mwalimu na msanii wetu Rosemary Karuga, aliyezaliwa mwaka 1928 na kufariki 2021, alipokosa uwezo wa kununua rangi alikata karatasi za kufungia sabuni na mafuta ya kupikia akazibandika kuwa picha. Picha hizo zilifika hadi New York mwaka 1990. Wewe hulengi New York. Unalenga kupata nafuu. Fanya hivi:

1. Tafuta vifaa vilivyopo: sindano, uzi, mkasi, na kitambaa kigumu cha chini kama gunia, jinzi kuukuu au kipande cha pazia. Gundi inatosha kwa asiyeweza kushona.

2. Chagua vitu visivyozidi vitano. Yaweza kuwa pindo la leso ya nyanya, tai ya baba, kifungo, tiketi ya basi, ganda la kombe uliloliokota ufuoni, au kizibo cha chupa kutoka siku ya furaha. Vitu vingi mno huchosha moyo. Vingine viweke, vina siku yake.

3. Kabla ya kukata nguo ya pekee, jiulize kama utajuta. Ukiwa na shaka, usikate. Ikunje na kuishikiza nzima, au tumia kitambaa kingine cha rangi kama hiyo.

4. Tenga muda mfupi, kama dakika 45, mara moja au mbili kwa juma. Ukisikia kifua kinabana au machozi hayakomi, weka chini, nywa maji, toka nje kidogo. Hakuna mashindano.

5. Usitafute uzuri. Usilinganishe na kazi ya fundi cherehani. Mtu akiuliza, "Hiki ni kitu gani?" huna deni la kumjibu.

6. Ukimaliza, amua mwenyewe utakiweka wapi. Wengine hukitundika, wengine hukitia sandukuni na kukitazama kila mwaka siku ya ukumbusho. Wengine huzika kazi hiyo, au huipa mtoto.

Njia hii si ya waliofiwa tu. Mama aliyeondolewa titi kwa sababu ya saratani, mzee aliyestaafishwa ghafla, kijana aliyeharibikiwa na mimba, mtu aliyehama kwao kwa sababu ya vita, wote wana kitu mkononi kinachoweza kuwa mwanzo. Wanaume, msijitenge. Kama sindano inawatia haya, chukueni ubao, misumari, waya na vipande vya mabati. Mkono ni mkono.

Watoto nao huhuzunika, ila mara nyingi hawasemi. Mtoto aliyefiwa na mzazi mpe sanduku la viatu alipambe apendavyo, na umruhusu atie humo vitu vya mzazi wake. Usimsahihishe. Usimwambie, "Usilie, wewe ni mwanamume." Keti karibu naye tu, na akiuliza swali, mjibu ukweli kwa lugha anayoielewa.

Nawe ndugu wa mgonjwa, usizitupe nguo za marehemu ukidhani unamsaidia mfiwa asahau. Muulize kwanza. Nimewaona wengi waliorudi kutoka mazishini wakakuta kabati ni tupu, na jambo hilo liliwauma miaka mingi.

Tahadhari

Nguo kuukuu zifue kwa maji ya moto na sabuni, uzianike juani na kuzipiga pasi kabla ya kushona, maana upele huweza kuenezwa na nguo. Lakini ondoa hofu moja: virusi vya Ukimwi na kifua kikuu haviambukizwi kwa kuvaa au kushika nguo safi za aliyekuwa mgonjwa. Nguo zenye damu zishike kwa glovu na uziloweke kwanza katika maji baridi yenye sabuni.

Vitu vya kuokota vichague kwa makini. Usichukue vigae vyenye ncha, betri zinazovuja, chupa za dawa za wadudu, wala kitu chochote kilichotoka kwenye taka za hospitali. Ukichomwa na chuma chenye kutu au uchafu, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni uende zahanati ukaulizie sindano ya pepopunda.

Mwenye ugonjwa wa kisukari ambaye vidole vyake vimekufa ganzi asitumie sindano kali, kwani anaweza kujidunga asijue na kidonda kikachelewa kupona. Na mwombolezaji mwenye mtoto mchanga nyumbani aangalie vifungo na shanga. Hivyo ni vitu vya kumkaba mtoto koo.

Usione haya kwenda hospitali

Nenda ukamwone daktari bila kukawia ikiwa wewe au jamaa yako ana dalili hizi kwa majuma mawili au zaidi: huzuni ya kutwa kucha, kukosa hamu ya mambo yote, kutolala au kulala kupita kiasi, kupungua uzito, kujilaumu kupindukia, au kutumia pombe ili kusahau. Hizo ni dalili za sonona, na sonona ina matibabu, iwe ni ushauri nasaha, dawa, au vyote viwili.

Ikiwa mtu anasema afadhali afe, anagawa mali yake ghafla, au anaaga kana kwamba anasafiri, usimwache peke yake hata dakika moja. Ondoa dawa, kamba na sumu karibu naye, umpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Kumuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani, bali humfungulia mlango wa kusema. Huduma za afya ya akili hazipo Mathari pekee. Hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kliniki hiyo. Na ikiwa tayari unatumia dawa za akili, usiziache kwa sababu kushona kumekupa nafuu.

Mwisho, msomaji, usidhani nakupa ushauri nisioujua. Baba yangu alifariki mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa Korona. Wachache tuliruhusiwa kaburini, na mambo yalifanywa haraka hivi kwamba sikupata hata kuushika mkono wake. Koti lake la kazi lilikaa nyuma ya mlango wangu miaka mitatu. Nilikuwa nikiwaeleza wagonjwa habari za majonzi, kisha narudi nyumbani na kulipita koti hilo kama sikulioni.

Ni yule mama wa Gikomba aliyeniuliza siku moja, akiwa amekaa kwenye kiti cha wagonjwa, "Na wewe daktari, gunia lako liko wapi?"

Nimetoa vifungo vinne na mfuko mmoja wa ndani uliokuwa na risiti ya mbolea. Navishonea kwenye kipande cha kanzu yake, Jumapili jioni, polepole. Mishono yangu ni mibaya. Mkono huu umezoea ngozi, haujazoea kitambaa. Bado sijamaliza, na sina haraka.